Mcheza Kwao Hutunzwa: Konsetina, Miguu na Mizani

Katika mashindano ya kughani mashairi tuliyoyaandaa kwa shule za mji wetu wa Bujumbura, tulimpunguzia alama msichana mmoja wa sekondari. Alianza kwa beti tatu za tarbia, kila mshororo una mizani 16, akazighani kwa utulivu wa kupendeza. Kisha, bila kutua wala kuomba radhi, akaingia katika utenzi wa mizani 8. Watoto waliokaa nyuma wakaanza kupiga makofi, na mmoja akainuka kucheza. Sisi waamuzi tukatazamana, tukaandika katika karatasi zetu maneno mawili: "Amechanganya mapigo." Akawa wa nne. Tuzo zilikuwa tatu.

Maneno hayo mawili yametukwama kooni tangu siku ile. Kuchanganya ni nini? Ni lini mapigo mawili yakikutanishwa huwa ni vurugu, na ni lini huwa ni ndoa? Jibu tulilipata mbali na ushairi wetu, katika kinanda kidogo cha mkono kiitwacho konsetina, na hasa katika rekodi moja iliyotolewa Ireland mwaka 1985. Twaomba msomaji atuvumilie tukimpeleka safari hiyo ndefu, kwani mwisho wake tutarudi darasani.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Konsetina ni jamaa ya kodiani, ile inayojulikana sana na wapenzi wa taarabu ya Unguja na wale wanaomkumbuka Camille Feruzi wa Kongo. Lakini konsetina ni ndogo, yashikika kwa viganja viwili, na aghalabu ina pembe sita. Katikati yake mna mivukuto kama viriba vya mhunzi. Pembeni, kulia na kushoto, kuna vitufe. Na ndani yake kuna ndimi nyembamba za chuma zinazotetemeka upepo ukizipitia. Charles Wheatstone, mwanasayansi wa Uingereza, aliandikisha mwaka 1829 haki ya uvumbuzi wa chombo kilichozaa konsetina ya Kiingereza. Katika konsetina hiyo kitufe kimoja hutoa sauti moja, mivukuto ikisukumwa au ikivutwa. Huko Ujerumani, katika mji wa Chemnitz, Carl Friedrich Uhlig alitengeneza mwaka 1834 konsetina ya namna nyingine: kitufe kimoja hutoa sauti mbili, moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Baadaye mafundi wa London waliunganisha fikra za pande zote mbili, wakapata konsetina iitwayo Anglo, ambayo huwa na vitufe 20, au 30 na zaidi.

Msomaji ataona kwamba tofauti hiyo ya sauti moja na sauti mbili si jambo dogo la ufundi. Mwenye konsetina ya Kijerumani au Anglo hawezi kupiga lahani ndefu akiwa anasukuma tu. Hana budi kugeuza upepo kila mara, na kila anapogeuza, sauti hupata msukumo mpya, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka neno. Hivyo chombo chenyewe kinamfundisha mpigaji kukata, kutia mkazo, na kuacha mwanya. Kwa dansi, hii ni neema. Ndiyo sababu wapigaji wengi wa dansi waliishika Anglo, hata ingawa konsetina ya Kiingereza ni rahisi zaidi kwa nyimbo laini za kusikilizwa.

Sasa twende Clare, jimbo la magharibi mwa Ireland, mahali ambapo konsetina ilipata maskani. Ilifika huko katika karne ya 19, ikiwa bidhaa ya bei nafuu, ikaingia jikoni mwa wakulima. Tunasema jikoni kwa makusudi: ngoma za watu wa Clare zilichezwa nyumbani, juu ya sakafu ya mawe, majirani wakiwa wamealikana. Wanawake wengi walikuwa wapigaji. Mashuhuri miongoni mwao ni Elizabeth Crotty wa mji wa Kilrush, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1960, ambaye watu wengi walimjua kwa jina la Bi. Crotty. Upigaji wake haukuwa na madoido mengi. Ulikuwa wa wazi, kila pigo mahali pake, kama mwandiko wa mwalimu mwema ubaoni.

Dansi zenyewe huitwa seti. Watu wanane, yaani jozi nne, husimama kwa umbo la mraba, wakatazamana, wakazunguka, wakabadilishana mahali, wakarudi. Umbo hilo halikuzaliwa Ireland. Ni dansi ya Kifaransa iitwayo kadrili, iliyofika huko mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wa vijijini waliupokea mraba wa wageni, lakini lahani za wageni waliziweka kando, wakaucheza kwa lahani za kwao. Basi hata kabla hatujasema lolote kuhusu kukutanisha mapigo, seti yenyewe ilikwisha kuwa mkutano: umbo la Paris na mwendo wa Clare. Wakikuyu wa Kenya nao, katika karne ya 20, walifanya jambo la namna hiyo hiyo katika mwomboko, ambamo kodiani na pete ya chuma inayogongwa huambatana na hatua zilizotoka katika dansi za Wazungu.

Hapa ndipo panapotuuma sisi walimu wa lugha. Mwaka 1893 kiliundwa Ireland chama cha kuifufua lugha ya Kiayalandi, lugha iliyokuwa ikimezwa na Kiingereza. Kazi yake ilikuwa njema, na twaiheshimu. Lakini wakereketwa wake walizikataa seti kwa hoja kwamba ni za kigeni, wakatangaza dansi nyingine walizoziona kuwa ndizo za asili. Na baadaye, mwaka 1935, serikali ya Ireland ilipitisha sheria ya kumbi za dansi, iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni. Sheria hiyo, pamoja na namna ilivyotekelezwa, ilizibana hata ngoma za majumbani. Hivyo mtu wa Clare aliyetaka kucheza seti jikoni mwake aliambiwa na wapenda lugha kwamba hakuwa Mwayalandi kamili, na akaogopeshwa na sheria kwamba hakuwa raia mwema. Seti hazikufa. Zilibaki katika nyumba na baa za Clare, Kerry na Cork, zikingojea. Waliokosea humo ni watu kama sisi: wapenzi wa lugha, wenye kalamu nyekundu mkononi, wakiwa na hakika kwamba wanalinda kitu kitakatifu.

Kabla ya kuihakiki rekodi, hatuna budi kueleza mapigo yenyewe, na tungependa msomaji aweke kitabu chini apige kofi kidogo. Lahani ya kawaida ya dansi hizi ina sehemu mbili. Kila sehemu ina vipimo 8, nayo hurudiwa. Jumla vipimo 32, kisha lahani huanza tena. Ndani ya kipimo ndimo mna tofauti. Katika rili mguu hukanyaga mara mbili kwa kipimo, na kila kanyagio lina sauti nne za haraka. Katika jigi mguu hukanyaga pia mara mbili, lakini kila kanyagio lina sauti tatu. Honipaipu yahesabika kama rili, ila ni ya polepole zaidi, na sauti zake huchechemea, moja ndefu na moja fupi. Polka ni fupi na kali, mikanyago miwili kwa kipimo. Slaidi ni ya tatu-tatu kama jigi, lakini hukimbia kwa pumzi ndefu, vikundi vinne kwa kipimo. Ipo pia jigi ya kuteleza, ambayo ina mikanyago mitatu ya sauti tatu-tatu, na walsi, ambayo kila mtu anaijua kwa moja-mbili-tatu yake.

Rekodi tunayoihakiki inaitwa I gCnoc na Graí, yaani "Katika Knocknagree". Knocknagree ni kijiji cha jimbo la Cork, mpakani na Kerry, katika eneo liitwalo Sliabh Luachra. Wapigaji ni wawili, wote wana wa Clare: Noel Hill, aliyezaliwa mwaka 1958, kwa konsetina, na Tony MacMahon, aliyeishi kati ya 1939 na 2021, kwa kodiani. Hawakujifungia studio. Walikwenda baa ya kijijini, wakapiga mbele ya wachezaji wa seti, na vipaza sauti vikanasa vyote pamoja: vyombo, sauti za watu, na miguu.

Miguu hiyo ndiyo maudhui ya rekodi. Hakuna ngoma wala gitaa. Ngoma ni sakafu. Konsetina na kodiani hufuata lahani moja, bega kwa bega, na chini yao visigino vinagonga mbao kwa nguvu isiyoigwa. Msikilizaji akitulia atagundua kwamba visigino havirudii tu yale yanayopigwa na vidole. Lahani husema tatu-tatu, visigino hujibu kwa namna yao, wakati mwingine kwa kujaza mwanya, wakati mwingine kwa kunyamaza ili pigo lijalo liwe zito. Hapo tayari kuna mapigo mawili, la mkono na la mguu, na hakuna anayelalamika kwamba yamechanganywa.

Kwa upande wa fani, Hill ni fundi. Ana uwezo wa kupamba sauti moja kwa tatu au nne ndogo, haraka kama mtu anayetikisa punje za mtama. Lakini humu mapambo yake yamewekewa lijamu. Hatukusikia pambo hata moja lililofunika kanyagio. Twasadiki kwamba waliomwekea lijamu hiyo ni wachezaji: watu wanane wakiwa wameinua miguu yao hewani, mpigaji hana ruhusa ya kuchelewa kwa ajili ya urembo. MacMahon naye huipa kodiani uzito wa chini, ili konsetina isisikike kama ndege mmoja katika uwanja mpana.

Wana hawa wa Clare wametoka katika nchi ya rili, nao wamekwenda kupiga katika nchi ya polka na slaidi. Lugha ni moja, lahaja ni mbili. Mtu wa Mombasa akienda kughani Bukavu atajua tunachosema. Hawakuilazimisha Knocknagree icheze Kiclare, wala hawakuiga kwa kujipendekeza. Waliuacha mguu wa mwenyeji uwaongoze. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Tungeongeza kwamba mgeni naye hutunzwa akijua ni nani aliye kwao.

Kasoro hazikosi. Mahali pengine miguu inaifunika konsetina, ambayo sauti yake ni nyembamba kuliko ya kodiani, na msikilizaji asiyeona wachezaji hupoteza habari ya nani anazunguka na nani amesimama. Rekodi haiwezi kutupa macho. Lakini kasoro hiyo twaipenda kuliko usafi wa rekodi nyingi za wapigaji wanaokaa vitini mbele ya watu waliokaa vitini, kila mmoja akitaka kuonyesha kasi yake. Kusikiliza umekaa si dhambi. Nasi twasoma mashairi kimya kimya. Ila lahani ya dansi isiyopimwa kwa mguu huelekea kukimbia, na ngoma ikilia sana hupasuka.

Sasa tuje kwenye swali letu: mapigo hukutanishwaje? Tumeona njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kufuatana. Wapigaji hawapigi lahani moja wakanyamaza. Huunganisha mbili au tatu bila kutua. Mara nyingi zote ni za mwendo mmoja, lakini wapo wanaoondoka katika jigi wakaingia katika rili, na chumba kizima huhisi kama kwamba sakafu imeinuliwa. Siri ni nini? Ni kwamba mguu haubadiliki sana. Jigi ina mikanyago miwili kwa kipimo na rili ina mikanyago miwili kwa kipimo, na mwendo wa mikanyago yenyewe hukaribiana. Kinachobadilika ni kilichomo ndani ya kanyagio: zilikuwa sauti tatu, zimekuwa nne. Nyumba ni ile ile, wapangaji wameongezeka. Lakini jaribu kutoka jigi ya kawaida ukaingia jigi ya kuteleza, ile yenye mikanyago mitatu. Ingawa zote mbili zinaitwa jigi na zote ni za tatu-tatu, mchezaji atajikwaa, kwa kuwa aliuandaa mguu wa kushoto na zamu imekuwa ya kulia. Basi jina si dalili. Yanayofanana kwa jina huenda yakagombana, na yanayotofautiana kwa jina huenda yakapatana.

Wasomaji wetu wa Bujumbura na Bukavu wanayajua haya bila kwenda Ireland. Rumba ya Kongo huanza kwa utulivu, mwimbaji akasimulia, kisha magitaa yakaingia katika sebene na hakuna anayebaki kitini. Hakuna mchezaji anayesema kwamba mpiga gitaa amekosea.

Njia ya pili ni ya kuambatana, mapigo mawili kwa wakati mmoja. Tumeiona katika visigino vya Knocknagree. Hapa Burundi tunayo iliyo kubwa zaidi: katika ngoma zetu za kifalme, amashako hushika pigo lisilokatika, na ibishikizo hufuata mwendo unaoamriwa na inkiranya iliyo katikati. Mmoja hudumu, mwingine hubadilika, na kudumu kwa yule wa kwanza ndiko kunakompa wa pili uhuru.

Njia ya tatu ni ngumu zaidi: kuubadilisha mwendo ndani ya lahani moja. Mfano wake uko Uingereza. Tarehe 26 Desemba 1899, huko Headington karibu na Oxford, Cecil Sharp aliwaona wachezaji wa dansi iitwayo morisi, na mpigaji wao wa konsetina alikuwa mwashi kijana, William Kimber, aliyeishi kati ya 1872 na 1961. Sharp akamwomba ampigie lahani hizo azinukuu, na kazi yake kubwa ya kukusanya dansi za vijijini ikapata chimbuko humo. Katika baadhi ya dansi za morisi kuna mahali ambapo wachezaji huruka juu sana. Hapo mpigaji huivuta lahani, ikawa polepole karibu mara mbili, kwa sababu mtu aliyeko hewani hawezi kuamriwa ashuke upesi. Anayeisoma lahani hiyo karatasini bila kumwona mrukaji atadhani mpigaji amesahau. Kumbe anamngoja mwenziwe.

Katika njia zote tatu kanuni ni moja: mapigo mawili hupatana ikiwa kuna kitu cha tatu kinachodumu chini yao, na kitu hicho hupimwa kwa mwili wa mtu, si kwa karatasi.

Turudi basi kwa msichana wetu. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nao hukatwa katikati, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Alipotoka katika mmoja akaingia katika mwingine, hakuiacha nane yake. Alikuwa akitembea kwa hatua mbili za nane, akaanza kutembea kwa hatua moja moja. Kilichobadilika ni urefu wa pumzi na ukaribu wa vina; mguu ulibaki ule ule. Watoto waliokaa nyuma waliusikia mguu huo, wakaupigia makofi. Sisi tuliokaa mbele, tukiwa na stashahada zetu na karatasi zetu, hatukuusikia. Kama angeingia katika mishororo iliyokatwa 6 kwa 6 bila kutua, pengine angejikwaa, na hapo lawama yetu ingekuwa na mguu wa kusimamia. Hakufanya hivyo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili kwa wenzetu. La kwanza ni la darasani. Mwalimu anapofundisha mizani, asianze na kuhesabu silabi ubaoni. Awagawe wanafunzi makundi mawili. Kundi moja likanyage chini kwa kudumu, taratibu, bila kubadilika. Kundi la pili lipige makofi matatu kwa kila kanyagio, kisha, kwa ishara ya mwalimu, manne, kisha lirudi kwenye matatu. Baada ya hapo, kundi la pili lighani beti za tarbia na za utenzi juu ya kanyagio hilo hilo. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hili hatahitaji kuambiwa kituo ni nini, atakuwa amekikanyaga.

La pili ni la waamuzi. Katika karatasi za mashindano yetu, mahali palipoandikwa "Amechanganya" paandikwe swali: "Nini kimedumu?" Mwamuzi akishindwa kutaja kilichodumu, apunguze alama. Akikitaja, aongeze.

Alama za msichana yule zilikwisha kutangazwa na tuzo zilikwisha kugawanywa. Hatuwezi kumnyang'anya mtoto mwingine kitabu alichokwenda nacho nyumbani. Tuliloweza kulifanya tumelifanya: tulikwenda shuleni kwake, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba waamuzi walikosea, tukamweleza ni wapi. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza kama mwakani ataruhusiwa kuja na mwenzake wa kumpigia kanyagio. Tumemjibu kwamba ataruhusiwa, na kwamba safari hii sakafu ya ukumbi iwe ya mbao.